Njia Tuliyoisiriba

Niliondoka Kibakwe asubuhi moja bila kumuaga mtu. Hapakuwa na ugomvi. Nilikuwa nimetoka nje kukojoa, jua halijapanda bado juu ya vilima, nikaiona njia ya kushukia bondeni iko tupu, nikaifuata. Nilikuwa na kisu, kibuyu cha maji na blanketi nililojifunika. Mjomba wangu, aliyenilea, alikuwa bado amelala. Nadhani aliponikosa alisema kama alivyosema mara mbili za kwanza: "Amekwenda kuangalia."

Ndivyo nilivyokuwa. Shule ya serikali pale Mpwapwa niliitoroka katika mwaka wa pili. Fimbo zilikuwapo, lakini si fimbo zilizonifukuza. Mwalimu alikuwa akiyajibu maswali yake, yangu akiyaacha. Mimi nilitaka kujua injini ya gari la moshi inakunywaje maji, yeye alitaka nijue majina ya wana wa Kaizari.

Siku ya pili nikafika Gulwe, na injini ilikuwa pale, inakunywa maji. Reli ilikuwa bado mpya miaka ile na watu walikuwa wakija kutoka mbali kuitazama tu. Nyuma ya injini yalifuata mabehewa, na ya mwisho hayakuwa na kuta. Juu yake zilifungwa kwa kamba motakaa tatu na baiskeli ya moto moja, chombo ambacho siku hizi kinaitwa pikipiki. Sikuwahi kuona hata kimoja kati ya hivyo. Ndani ya motakaa nyeusi alikaa mwanamume mmoja akitafuna karanga, ametulia kama vile gari lile ni lake. Alikuwa Mgogo, tena hakujificha: meno mawili ya chini yameng'olewa kama desturi yao, na ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa amezipandisha na kuzining'iniza juu ya masikio yenyewe, zisimsumbue kazini.

"Mnapeleka wapi hivi vyombo?" nikamuuliza.

"Dodoma. Wazungu wanataka kushindana mbio. Kutoka bomani hadi kwenye bendera, halafu kurudi."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa ubavuni kwa bwana. Yeye anashika usukani, mimi nasukuma mafuta kwa mkono. Nikiacha, injini inaungua."

"Inakuwaje ikikimbia?"

Akacheka. "Inatikisa, ndugu yangu. Meno yanagongana. Njia ikiwa mbaya unashika chochote, hata bwana unamshika."

Filimbi ikalia. Akanirushia karanga chache, na mkono ulipofunguka nikaona kidole chake cha mwisho kimepinda kama ndoana. Gari likaondoka. Nami nikawa sasa na mahali pa kwenda.

Nilifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Dodoma. Kiasi cha saa mbili za kutembea kabla ya mji nikakuta kijiji kizima kimetoka barabarani na majembe. Jumbe wao, mtu mfupi mwenye koti la askari lisilo na vifungo, alinikabidhi jembe kabla hajaniuliza natoka wapi. Amri ya boma ilikuwa kwamba kila kijiji kitengeneze kipande chake cha njia kwa ajili ya mashindano: kutoa mawe, kujaza mashimo, kukata miiba. Siku yenyewe kila kijiji kingesimama kwenye kipande chake kuzuia ng'ombe wasivuke. Atakayeondoka atajibu kwa kiboko. Kipande cha kijiji hiki kilikuwa na kona, njia inapozunguka mwamba.

Jioni tulipokaa kula ugali wa uwele nikasimulia niliyoyaona Gulwe. Nilipofika kwa yule mtu wa motakaa nyeusi, mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa mlenda akaacha kugawa.

"Masikio yake?" akauliza.

"Ameyakunja juu."

"Meno?"

"Ametoa ya chini, kama ninyi."

"Sisi wote tumetoa. Mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho."

"Kimepinda," nikasema.

Alikaa chini palepale, mwiko mkononi. Akasema polepole, kwa Kigogo ambacho mimi nilikielewa kwa kuungaunga, "Nilikipinda mimi. Nilifunga mlango wa zizi, sikuona kwamba ameuweka mkono. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea."

Alikuwa mjane, mwembamba, bangili za shaba zimemlegea mikononi. Mwanawe huyo, pekee kati ya wanawe aliyefika utu uzima, alichukuliwa kwenda kujenga reli, na mavuno manne yalikuwa yamepita tangu siku hiyo. Mara moja tu alipata habari, kutoka kwa mpagazi, kwamba kijana wake yuko pwani kwa Mdachi mwenye gari la ajabu. Hakuamini. Sasa mimi nilikuwa nimeketi mbele yake na nilikuwa nimezila karanga za mwanawe.

Usiku huo na siku zilizofuata nililala kwenye tembe yake, nyumba ya paa bapa la udongo. Alinipa nafasi karibu na moto, wakati wa baridi, na mimi nilikuwa mgeni asiye na ukoo. Malipo yake yalikuwa kusimulia. Kila jioni aliniuliza tena: alikuwa amevaa nini, amenenepa, alipocheka alicheka kwa sauti au kwa tumbo. Mazungumzo yetu ya Gulwe hayakuzidi muda wa injini kunywa maji. Siku ya tatu maneno yalikuwa yameniishia na yeye bado alikuwa akisubiri, amenitazama kinywani. Basi nikaongeza. Nikasema kijana aliniambia kwamba huko pwani motakaa ilipita kwenye njia mbaya, mwenzake akarushwa nje akavunjika mgongo. Hakusema hivyo. Sijui mpaka leo kwa nini niliona hadithi ile inahitaji mtu wa kuvunjika mgongo.

Hakulia wala hakushtuka. Alichokonoa moto.

"Kwa hiyo njia ikiwa laini, harushwi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Laini kama nini?"

Nilikuwa nimeziona motakaa zimefungwa kamba juu ya behewa. Kukimbia sikuwahi kuziona. Lakini niliulizwa, na mimi siku zote nimekuwa mtu wa kujibu. "Kama uwanja wa kupuria mtama," nikasema.

Yalikuwa majira ya kupura. Kila kaya ilikuwa na uwanja wake uliosiribwa upya, mgumu na unaong'aa, hata punje ikianguka inadunda. Wanawake wa pale walijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote duniani. Mjane akaenda kwa wenzake, wenzake wakaenda kwa jumbe, na jumbe akafurahi. "Vijiji vingine vimetoa mawe," alisema. "Sisi tutawasiribia. Bwana mkubwa atauliza, kona hii ni ya nani?"

Wangeisiriba mapema, ingekauka, na huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini kwao mgeni anayesubiriwa husiribiwa nyumba asubuhi ileile anayokuja. Sakafu ya jana, mjane aliniambia, ni ya wenyeji. Mgeni akikanyaga pakavu anajua kwamba hukumngoja.

Siku ya mashindano walianza kabla ya mapambazuko. Udongo wa kichuguu ulikuwa umeshatwangwa. Mavi ya ng'ombe yalitoka mazizini yakiwa bado na mvuke. Maji yalichotwa kwenye visima vya mchanga vya mtoni, mitungi ikipanda mfululizo. Wanawake walipiga magoti wakarudi kinyumenyume, viganja vikichora nusu duara moja juu ya nyingine, mpaka kona yote ikawa sakafu. Mjane alisiriba sehemu ya ndani, karibu na mwamba, mahali alipochagua kusimama.

"Sitaki asimame," aliniambia huku akinawa mikono. "Wazungu hawasimami. Nataka apite tu, anione nimesimama. Basi."

Jua lilipochomoza watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Sijui walijuaje. Walikuwapo wachungaji na mikuki yao, watu wa Mpwapwa, wapagazi, na Warangi kutoka Kondoa. Mmoja wa hao, mfanyabiashara wa tumbaku mwenye kanzu aliyoikunja kiunoni, alikuwa ametembea siku nne na hakuacha kuwakumbusha wengine.

"Siku nne," alisema. "Nimewaacha wake wawili na mzigo haujauzwa. Nikifa kesho, niseme niliona."

"Ukifa kesho wake zako watauza mzigo wenyewe," mpagazi mmoja akamjibu, na watu wakacheka.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi na sauti ilisafiri. Kutoka upande wa Dodoma tukasikia mngurumo, kama nyuki walio ndani ya mtungi. Walikuwa wanazipasha moto injini. Mjane akashika mkono wangu, akauachia.

Iliyotangulia ilikuwa baiskeli ya moto. Mdachi mmoja alitumwa kupita mbele aikague njia. Tuliona vumbi, kisha tukamwona yeye, amelala juu ya usukani, na watu wakapiga vigelegele. Aliingia kwenye kona. Chombo kikamtoka chini yake taratibu, kama mtu anayemvutia mwenzake mkeka, kikaenda peke yake hadi kwenye miiba. Yeye aliteleza kwa tumbo urefu wa nyumba nzima.

Kisha mtu mmoja, sijui nani, akacheka, na wengine hawakuweza kujizuia.

Mdachi aliinuka, mkono wake mmoja unaning'inia. Akainama, akaugusa udongo kwa kidole, akanusa. Alimwambia neno askari aliyekuwa pale, na askari akapanda nyumbu akaenda mbio Dodoma. Mngurumo uliendelea kidogo. Halafu ukakatika.

"Zimekwenda kunywa maji," mpagazi akasema. Safari hii hawakucheka wengi.

Askari alirudi na amri: ikwanguliwe yote, upesi, motakaa zinasubiri. Jumbe alikuwa amebadilika rangi. Wanawake wale wale wakachukua majembe wakaanza kuifuta sakafu yao. Ilikuwa imeanza kushika, ikabidi waikate. Watu waliokuja kutazama nao wakaingia. Yule mfanyabiashara wa Kondoa alipandisha kanzu yake zaidi akasomba udongo kwa mikono, akilaani kila mtu kuanzia Kaizari hadi ng'ombe waliotoa mavi. Mimi nililima karibu na mjane. Hakuniangalia. Alikata kwa nguvu, mistari mirefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokizika.

Jua lilikuwa utosini tulipomaliza. Kutoka Dodoma mngurumo ukaanza tena, na safari hii watu walishangilia kweli. Mjane alirudi mwambani pake, akajifuta jasho, akavuta nguo yake vizuri mabegani.

Aliyekuja alikuwa Mdachi mwingine, mzee kidogo, juu ya nyumbu. Alipita kwenye kona polepole. Akashuka. Akachomeka fimbo yake kwenye mikato ya majembe, hapa na hapa na hapa, akitikisa kichwa. Akatazama umati uliosimama karibu na njia, akatazama ng'ombe waliokuwa wakiteremka mtoni kwa zamu yao ya maji, kwa sababu wachungaji wao walikuwa pamoja nasi. Akaandika karatasi, akamtuma askari wa pili aipeleke mbio Dodoma. Akazungumza na askari kwa muda mrefu, na askari akaitikia kwa kubana visigino.

"Mashindano hayapo," askari akatangaza. "Njia ina hatari. Mwanzo ilikuwa inateleza, sasa ina mitaro. Bwana anasema motakaa itapinduka, iue waliomo, na iwaue ninyi. Nendeni nyumbani."

"Tutasogea nyuma," mtu mmoja akasema.

"Amesema hapana."

"Tujaze mitaro. Tupe muda wa kuijaza."

"Amesema hapana, mzee. Zinapakiwa."

Mfanyabiashara wa tumbaku akajitokeza mbele. "Afande, mimi nimetembea siku nne."

"Basi umebakiza nne."

"Mwambie bwana hatuogopi kufa."

"Yeye ndiye anayeogopa. Atakayeandikiwa barua ni yeye, si wewe."

Kelele zikapanda. Wengine walisema Wadachi ni waoga, wamekimbia kinyesi cha ng'ombe. Wengine walisema hapakuwa na mashindano tangu mwanzo, ilikuwa hila ya kutengenezewa barabara bure, na hilo lilipita mdomo hadi mdomo mpaka likawa ndiyo kweli. Wachungaji wakaondoka kimya kufuata ng'ombe wao. Kisha macho yakageukia kijiji. "Hawa ndio," mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alisema, akinyoosha kidole. "Wenzao wote wameacha njia kama njia. Wao wakaandaa chumba cha bi harusi." Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya. Jumbe alichukuliwa na askari kwenda kujieleza bomani, amevaa koti lake lile, na mimi niliyetoa wazo la uwanja wa kupuria nilisimama nikamwona akipita. Sikufungua mdomo. Nilikuwa na mdomo wa kila kitu siku zote isipokuwa siku hiyo.

Nilipogeuka, mjane hakuwapo mwambani. Alikuwa amekwisha kushika njia ya Dodoma, mikono mitupu, udongo umemkaukia hadi viwikoni. Nikamkimbilia. Mrangi naye akafuata nyuma yetu, kwa kuwa, alisema, kama hakuona zikikimbia aone basi zikiwa zimesimama.

Tulitembea kwa haraka mno kuweza kuzungumza. Katikati ya njia tulisikia filimbi upande wa pili wa vilima, na juu ya vichaka nikaona moshi unakwenda mashariki. Niliutazama kwa furaha ile yangu ya kitoto ya kutazama moshi. Sikuunganisha. Mjane hakuinua kichwa, alikuwa anaangalia mbele, Dodoma.

Stesheni ilikuwa inafagiliwa. Palikuwa na vipande vya kamba chini na doa la mafuta. Mfanyakazi mmoja wa reli, Mnyamwezi mwenye kofia ya bluu, aliegemea fagio lake tukamwamkia.

"Motakaa?" alisema. "Zimeondoka. Mmepishana nazo. Hamkuona moshi?"

Mjane hakuelewa Kiswahili chake cha haraka. Nikamfasiria. Ilinibidi nifasiri na lile la moshi.

"Muulize aliyekuwa kwenye nyeusi," akasema.

Nikauliza. Mnyamwezi akafikiri. "Yule mwenye masikio juu? Alikaa ndani ya gari lake. Wenzake walikuwa wanacheza bao, yeye alikaa humo tangu asubuhi, hakutaka kushuka. Alisema wakianza ghafla asikosekane."

"Aliuliza kuhusu mtu?"

"Aliuliza njia inapita vijiji gani. Nilimwambia."

Nikafasiri. Mjane alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie, neno kwa neno. Nikarudia, na safari hii sikuongeza kitu. Akasema, "Basi alijua," akakaa kwenye jiwe la ukingo wa reli.

"Watarudi, mama," nikasema. "Mwaka ujao watashindana tena."

Mnyamwezi akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Bwana mkubwa amesema huku juu hapana tena. Wakitaka, wakashindane pwani." Aliyasema kwa upole. Nilimwangalia nikitamani angekuwa mwongo kama mimi.

Mjane hakuuliza Mnyamwezi amesema nini. Alikuwa akibandua udongo mikononi, gamba moja baada ya jingine, akiyaweka kando yake kwenye jiwe. "Ningeiacha na mashimo yake," alisema. "Angetikisika. Angetikisika akapita." Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyewahi kuvunjika mgongo. Nilifikiri: nikisema, atakuwa amempoteza kwa sababu ya hadithi tu, nisiposema, amempoteza kwa sababu ya mapenzi yake mwenyewe. Sikujua lipi ni zito zaidi kumtwisha. Nikanyamaza, na kwa kuwa sikurudi tena kijiji kile, nimenyamaza hadi leo.

Jua lilikuwa linashuka, na kurudi kwa miguu kusingefaa. Mrangi wa tumbaku, ambaye alikuwa amelizunguka lile doa la mafuta mara mbili, alituambia ana ndugu yake huko Makole, nyumba ya watu wa Kondoa, wanapokea wasafiri. Tukaenda naye. Ulikuwa mji wa kwanza wa reli niliowahi kuingia, maduka ya Wahindi yakifungwa, nyumba za mabati kando ya tembe, watu wa kila kabila, na siku nyingine yoyote ningesimama kwenye kila mlango kuuliza. Sikuangalia chochote. Nilihesabu nyayo za mjane mbele yangu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, kitambaa cheupe kichwani. Alitujibu salamu, akamsikiliza ndugu yake akieleza, akatuangalia sote wawili.

"Huyu ni mwanao?" akamuuliza mjane, na swali lilikuwa la haki, maana alikuwa anataka kujua atupe chumba kimoja au viwili.

Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Lingekuwa jibu jepesi, na ningeweza kumwangalia usiku huo, nimletee maji.

Mjane alitangulia, kwa Kiswahili chake kidogo. "Hapana," alisema. "Huyu mpita njia."

Mwenye nyumba akamshika mkono akamwingiza upande wa wanawake. Pazia likaanguka. Mimi nilioneshwa ghala, mahali walipolala wanaume, kati ya mizigo ya tumbaku. Mrangi alisogeza mzigo mmoja kwa mguu, akanikunjulia mkeka.